Nilijiandikisha kituo cha ajira, miezi minne kimya. Nirudi au niachane nao?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi nina miaka 26, nina diploma ya ugavi na ununuzi, nimemaliza mwaka mmoja na nusu sasa. Fildi nilifanya miezi 5 kwenye stoo ya kampuni ya vifaa vya ujenzi, baada ya hapo nimekua namsaidia mjomba kwenye duka lake la spea za magari. Huu mwezi wa 4 tangu nijiandikishe kituo cha huduma za ajira, nilijaza fomu nikaambiwa nitapigiwa, mpaka leo hamna simu. Rafiki zangu wanasema vile vituo ni geresha tu, kazi zinaenda kwa kujuana. Nirudi au niachane nao? Na nikirudi niseme nini, maana siku ile nilikaa dirishani dakika 5 tu. Afu hii ya kwa mjomba niiseme au niifiche? Wengine wananiambia niombe kozi nyingine kwanza."

Marahaba mdogo wangu. Rudi. Ila usirudi kama ulivyoenda mara ya kwanza maana utapewa jibu lile lile, na safari hii utatoka umechukia kabisa na hutokanyaga tena.

Mimi nimekaa upande wa ndani wa lile dirisha miaka 11, nimeandikisha watu mpaka mkono unakufa ganzi, kwa hiyo nakwambia kitu ambacho siku ile hukuambiwa kwa sababu nyuma yako kulikua na foleni: kujiandikisha siyo kuomba kazi. Ulichofanya we ni kuwaachia jina, basi. Watu kibao wanatoka pale wanajua wameomba kazi, wanaenda nyumbani kuisubiri, kumbe hakuna barua yoyote iliyoenda kwa mwajiri yeyote, kuna jina tu limelala kwenye kompyuta na majina mengine chungu nzima.

Ngoja nikueleze hilo jina linatafutwaje, ukishaelewa hapo mengine yote yatakua mepesi. Mwajiri anapiga simu au anatuma fomu, anasema nataka mtunza stoo mmoja, ajue kompyuta, aanze wiki ijayo. Ofisa anaingia kwenye mfumo anatafuta. Hatafuti kwa jina wala kwa nani kasubiri muda mrefu kama wengi wanavyodhani, anatafuta kwa aina ya kazi. Nchi nyingi wanatumia au wameiga mpangilio wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani, ile ILO, toleo la 2008, una makundi makuu 10 na ndani yake kila kazi ina namba ya tarakimu 4. Karani wa stoo ni 4321. Mnunuzi ni 3323. Meneja wa ugavi na usambazaji ni 1324. Hata kama kituo chenu hawatumii namba hizi hizi watakua na orodha yao inayofanya kazi hiyo hiyo.

Sasa siku ile ulipoulizwa unatafuta kazi gani ulijibu nini? Kama ulisema "yoyote tu dada" basi hapo ndo tatizo lilipoanzia. Karani naye kachoka, kaandika anachojua ye, labda kakuweka kwenye vibarua, labda kaacha wazi, na ofisa akitafuta watu wa stoo we hutokei kabisa. Upo kwenye mfumo lakini ni kama haupo. Najua kwanini watu wanajibu hivo, mtu anaona akichagua ataonekana ana maringo wakati hana kazi, ni unyenyekevu, sawa, lakini kompyuta haijui unyenyekevu. Na binadamu pia hivo hivo, ukiniambia mimi nitafutie kazi yoyote nitakusahau kabla hujafika getini, ukiniambia nataka stoo au ununuzi, hasa spea za magari maana nazijua, nitakukumbuka wiki nzima, siku nikisikia gereji kubwa inatafuta mtu sura yako ndo itanijia.

Kwa hiyo la kwanza ukirudi ni kuomba uoneshwe umeandikwa kwenye kazi zipi. Omba wakuweke kwenye mbili au tatu zinazokaribiana, stoo, ununuzi, na labda ukarani wa usafirishaji mizigo. Sio kumi. Uliza pia kama faili lako bado liko hai, maana mifumo mingi jina lisipoguswa kwa muda fulani linahesabika kwamba mwenyewe kashapata kazi au kaacha kutafuta, linatolewa kwenye msako. Uliza kwenu ni muda gani afu weka alamu kwenye simu yako uwe unapita kulihuisha kabla ya hapo.

Afu kuna hili la namba ya simu, usicheke. Sijui nimepiga simu ngapi za kumwita mtu intavyu namba haipatikani, au inapokelewa na mtu anasema huyo kaka alihama. Wengine wanaandika namba ya ndugu sababu siku ile simu yao ilikua mbovu, ndugu anasahau kufikisha, basi. Mwajiri akitaka watu watatu na mimi nina orodha ya kumi, nikimpigia wa kwanza hapatikani naenda wa pili, sina muda wa kumtafuta. Hakikisha namba, weka na ya pili ya mtu anayeaminika, na imeili unayoifungua kweli, siyo ile uliyofunguliwa chuoni ukasahau paswedi.

Haya, sasa hili la kujuana. Rafiki zako hawajakosea, wamekosea tu kufikiri kujuana ni kua na baba mkubwa ofisini. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Newton, karibu na Boston, aliwachukua watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua akawauliza huyo mtu mlikua mnaonana mara ngapi kipindi kile. Waliosema mara kwa mara walikua asilimia 16.7 tu. Mara moja moja ni asilimia 55.6, na nadra sana ni 27.8. Ukiifikiria ina mantiki, marafiki zako wa kila siku wanajua kazi zile zile unazozijua we, kama hamna hamna wote, ila mtu unayemjua kwa mbali anaishi kwenye habari nyingine kabisa. Ofisa wa kituo cha ajira ni mtu wa aina hiyo hasa. Kutwa anaongea na waajiri ambao we hutokaa ukutane nao. Tatizo ni kwamba kwa sasa we unalijua jengo, ye hakujui, kwenu bado hamjajuana.

Na ndo maana hivi vitu vilianzishwa kwa kweli. Uingereza walipofungua vituo vyao vya kwanza vya serikali tarehe 1 Februari 1910, hoja kubwa ilikua mtu aache kuzunguka geti moja mpaka jingine akiuliza kama kuna kazi, habari za nafasi zikusanywe sehemu moja hata yule asiye na wa kumshika mkono azipate. Majina yanatofautiana, Japani wanaita Hello Work, Uingereza sasa hivi ni Jobcentre Plus, Ufaransa tangu Januari 2024 ni France Travail, Kenya kuna NEA, Tanzania kuna TaESA, ila kazi ya msingi ni ile ile. Kwa nchi zenye malipo ya wasio na kazi, mara nyingi ofisi hiyo hiyo au ya jirani yake ndo inafuatilia masharti ya malipo, kwa hiyo kule ukikosa miadi bila taarifa unaweza ukakatwa, hilo walioko huko walizingatie.

Sasa turudi kwa ofisa, maana hapa ndo penyewe na watu wengi hawapajui.

Vituo vingi vina watu wa aina mbili. Kuna wanaoshughulika na nyie mnaotafuta, ndo uliokutana nao dirishani, na kuna wanaoshughulika na waajiri, hawa huwaoni, wako chumba cha ndani au wako nje wanatembelea makampuni. Kituo kikiwa kidogo mtu mmoja anafanya yote mawili kwa zamu. We unamhitaji huyu wa pili. Na huyu wa pili ana hofu moja kubwa ambayo hatokwambia usoni, hofu ya kuharibiwa jina kwa mwajiri.

Nitakupa kisa changu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini mwajiri mmoja mwenye ghala kubwa aliomba watunza stoo, mimi kwa haraka nikachomoa majina matatu kwenye mfumo, vyeti vizuri, nikawatuma bila hata kuongea nao. Bosi akawauliza swali la kawaida kabisa, ukihesabu mzigo kwenye rafu ukakuta haulingani na leja (daftari la kumbukumbu za stoo) utafanyaje? Wa kwanza kasema atarekebisha leja ilingane. Wa pili kasema hiyo haiwezi kutokea kama uko makini. Wa tatu kanyamaza. Yule bosi alinipigia jioni akaniambia kwa upole kabisa, dada hawa umewatoa wapi, na hakunipa nafasi nyingine karibu mwaka mzima. Toka siku ile simtumi mtu nisiyemjua, hata awe na digrii tatu. Wenzangu wengi wako hivo hivo, kila mmoja ana kisa chake. Kwa hiyo ukiona simu haiji, sio lazima uchukulie kwamba wamegawana nafasi na ndugu zao (yapo, sikatai, sehemu nyingine yapo sana), mara nyingi ni kwamba wanatumwa wale kumi ambao ofisa ameshaongea nao akaridhika hawatamwaibisha.

Kazi yako ni kuingia kwenye hao kumi.

Ukifika dirishani usianze na maisha magumu. Najua ni magumu, na yule karani kasikia ishirini kabla yako asubuhi hiyo hiyo, hana cha kufanya nayo. Sema kitu kama hiki: "Habari za kazi. Nimejiandikisha hapa mwezi wa fulani, namba yangu ya usajili ni hii. Naomba mambo mawili, tuangalie nimewekwa kwenye kazi gani, na naomba kuonana na ofisa anayeshughulika na waajiri wa maghala na maduka ya jumla." Mambo mawili, sio saba. Anaweza akakujibu hayupo njoo kesho. Kubali vizuri, muulize saa ngapi, muulize jina la huyo ofisa, liandike kwenye daftari pale pale mbele yake. Hilo la kuandika ni dogo lakini watu wakikuona unaandika wanabadilika kidogo, sijui kwanini. Na usiende Jumatatu asubuhi kama unaweza kukwepa, Jumatatu kila mtu ameamka na nia mpya.

Ukionana naye usimwombe kazi. Najua inashangaza. Muombe kitu kimoja ambacho anaweza kukupa siku hiyo hiyo, kwa mfano, aipitie CV yako akwambie ni kitu gani kingemfanya asiitume kwa mwajiri. Hilo swali linamfungua mtu, maana hapo anaongea ukweli wake, na wakati anaongea anakusoma we ni mtu wa namna gani. Safari inayofuata unarudi umeshafanya alichokwambia unamuonesha. Kwa uzoefu wangu ukirudi mara ya pili umefanya kweli ulichoelekezwa, ushakua mtu wa tofauti, wengi hawarudi au wanarudi na karatasi ile ile.

Tuingie kwenye hiyo CV, na hapo hapo nakujibu la mjomba. Usifiche! Ukiificha unabaki na shimo la mwaka mzima na zaidi, na shimo ndo linaloua. Marekani kuna jaribio lilichapishwa 2013, watafiti walituma CV za kubuni kama 12,000 kuomba kazi kwenye miji 100 mikubwa, kitu walichobadilisha ni muda mtu aliokaa bila kazi, wakakuta kadiri muda unavyorefuka simu za kuitwa zinapungua, na sehemu kubwa ya huo upungufu inatokea ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Mwajiri hajui sababu, anahisi tu kuna kitu. Sasa we huna shimo, we ulikua kazini, shida yako umeiita "kumsaidia mjomba".

Hebu niambie, kwa mjomba mzigo ukija nani anaupokea na kuulinganisha na invoisi? Nani anajua spea fulani imebaki mbili na inatakiwa iagizwe? Nani anahesabu mwisho wa mwezi? Kama ni we basi kwenye CV inaandikwa hivi: "Msimamizi wa stoo, duka la spea za magari. Kupokea mzigo na kuulinganisha na invoisi na oda, kupanga spea kwa namba zake, kuhesabu stoki kila mwisho wa mwezi, kuandaa oda za vinavyokaribia kuisha, kufuatilia bei kwa wauzaji watatu." Hizo zote ni kazi zile zile za diploma yako. Weka na namba lakini ziwe za kweli, kahesabu mwenyewe kuna aina ngapi za spea mle ndani kabla hujaandika, maana utaulizwa. Na kama mjomba hana leja ya maana wala kadi za stoki, anza kumwekea wiki hii, hata kwenye daftari, hata kwenye eksel ya simu, afu ukienda intavyu unaelezea jinsi ulivyoikuta stoo haina kumbukumbu ukaiwekea. Mwajiri wa ghala akisikia hiyo anakaa sawa kwenye kiti.

Fildi nayo usiiache kwenye mstari mmoja. Andika ulishika nini, hati za kupokelea mzigo, hati za kutolea, utaratibu wa mzigo uliotangulia kuingia kutangulia kutoka (kwenye saruji hilo ni jambo kubwa, si unajua inavyoganda ikikaa). CV yote kurasa mbili zinatosha, dini, kabila na namba za vyeti vyote tangu la kwanza hazina kazi hapo.

Kingine ambacho watu hawakitumii na ni cha bure: barua ya mtu uliyefanya naye kazi. Afrika Kusini wachumi watatu, Abel, Burger na Piraino, walijaribu kutuma maombi ya kazi mengine na barua ya mwajiri wa zamani mengine bila, yaliyokua na barua yaliitwa zaidi kwa asilimia 60. Sitini! Kwa karatasi moja. Rudi pale ulipofanya fildi umtafute aliyekua msimamizi wako kabla hajahama, muombe barua fupi, aseme ulikua pale lini mpaka lini, ulifanya nini, kitu kimoja anachokumbuka kuhusu utendaji wako, na namba yake ya simu. Kama hana muda muandikie rasimu aisahihishe. Ya mjomba iwepo ila haina nguvu sana kama mna jina moja la ukoo, bora fundi mkubwa anayenunua pale kila siku au muuzaji wa jumla anayewaletea mzigo, huyo hana sababu ya kukupamba. Nakala mpe yule ofisa aiweke kwenye faili, hiyo inamtoa ile hofu niliyokwambia.

Muombe pia akufanyie intavyu ya majaribio, vituo vingi wanafanya ila hawatangazi, ni mpaka uombe. Na lile swali la leja na rafu jibu lake ni hili, usije ukaniaibisha na we: kwanza unahesabu upya, ikiwezekana na mtu mwingine. Afu unaangalia hati za kupokea na kutoa mzigo ambazo hazijaingizwa, unaangalia kama mzigo umewekwa rafu nyingine au kuna ulioharibika haujaandikwa. Ikibaki tofauti unairipoti kwa maandishi kwa bosi wako. Leja huigusi mpaka upate idhini.

Kuhusu kozi naona na hapo kituoni watakushawishi, maana mafunzo ni kitu wanachokua nacho karibu siku zote hata kama nafasi za kazi hamna. Mimi sio adui wa kozi ila kwako siyo ya kwanza. Card, Kluve na Weber walijumlisha matokeo ya tafiti zaidi ya 200 za programu za ajira, wakachapisha 2018, na picha waliyopata ni kwamba msaada wa kutafuta kazi unaonesha matokeo mapema zaidi, mafunzo yanachelewa, faida yake inaanza kuonekana vizuri kama miaka 2 au 3 baadaye. We tayari una fani, unachokosa ni mlango. Kozi chukua ikiwa umeona matangazo matatu manne ya kazi unayoitaka yote yanadai kitu kimoja ambacho huna, tuseme programu fulani ya stoo au leseni ya foklifti. Na kabla hujakubali muulize ofisa, waliomaliza kozi hii mara ya mwisho walikua wangapi na wangapi wako kazini, wapi? Akibabaika, ushapata jibu.

Hela. Usitoe. Mkataba wa ILO namba 88 wa mwaka 1948 unasema huduma ya ajira ya serikali iwe ya bure, na ule namba 181 wa 1997 unakataza mawakala binafsi kumtoza mtafuta kazi ada au gharama yoyote, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokua pale nchi imeruhusu kwa makundi maalumu. Siyo kila nchi imeridhia lakini kama kanuni ya kujilinda inatosha. Matapeli wanapenda sana kukaa karibu na hivi vituo, anaweza akawa kwenye korido ana kitambulisho shingoni, au anakupigia anajua mpaka jina lako na chuo ulichosoma, anasema umechaguliwa tuma hela ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare. Kila ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, kata simu, nenda kituoni kaulize kama nafasi hiyo ipo. Kazi za nje ya nchi ndo usiguse kabisa bila kituo kuthibitisha wakala ana kibali.

Nyumbani nako panga. Sio "nitakua nafuatilia", panga siku na saa. Afrika Kusini tena huko huko, vijana wasio na kazi waliokaa chini wakaandika mpango kamili wa kutafuta kazi wa kila wiki walituma maombi mengi zaidi kwa asilimia 15, ofa zikaongezeka kwa asilimia 30, na walioajiriwa wakawa zaidi kwa asilimia 26, na hawakutumia muda mwingi zaidi ya wenzao. Mpango wako unaweza ukawa mdogo tu, Jumanne asubuhi kituoni unatumia kompyuta zao na intaneti yao kama wanazo (omba, mara nyingi zipo zimekaa tu), unatuma maombi mawili yaliyoandikwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa, Alhamisi unatembelea wauzaji wa jumla wawili wanaomletea mjomba mzigo unawaachia CV. Kila baada ya wiki mbili meseji moja kwa ofisa, fupi: "Habari, ni fulani, mtunza stoo, spea za magari. Nimeongeza barua ya msimamizi wangu kwenye faili. Bado nipo tayari kuanza muda wowote." Haihitaji salamu ndefu wala "nimekukumbuka ofisa wangu". Mara mbili kwa mwezi inatosha, mara mbili kwa siku atakublok.

Utakutana na mtu wa hovyo, nakwambia kabisa, anachati kwenye simu huku unaongea. Usigombane naye maana utamkuta tena. Rudi siku nyingine muombe mwenzie, na kama ni wote wako hivo muombe msimamizi wa kituo umweleze kwa utulivu ulikuja tarehe fulani na tarehe fulani ukaambiwa nini, hapo ndo lile daftari lako linaanza kufanya kazi. Kama baada ya miezi mitatu ya kufanya haya yote hujatumwa hata intavyu moja, kituo hicho hakina waajiri wa fani yako, jaribu kingine, ila jina usilitoe.

Na siku ukipata kazi, hata kama hawakukupa wao, wapigie uwaambie. Wanakutoa kwenye orodha hawampotezei muda mwajiri mwingine, na yule ofisa anaandika kampuni uliyoenda. Ukishazoea pale, bosi wako akianza kutafuta karani wa pili au dereva, mpe namba ya huyo ofisa. Nyuma yako dirishani kuna mwingine alijibu "yoyote tu dada".